Neno Lililoandikwa Langoni

Jirani zake walimwita Mfungwa, naye aliitika. Watu wazima walianza, watoto wakaiga: "Shikamoo, Mfungwa," na yeye akajibu "Malahaba" kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwa cheo chake. Nilipohamia Ikuti nikiwa mwalimu kijana nilidhani ni utani mbaya. Siku moja nikamwuliza kwa nini anakubali jina kama hilo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja Rungwe bila mwavuli.

"Mwalimu," akasema, "mwingine anaitwa Mchungaji, mwingine anaitwa Diwani. Mimi nimefungwa mala tatu na Mwingelesa kwa ajili ya nchi hii. Unataka niitwe nani?"

Basi na mimi nitamwita hivyo hapa, kwa heshima aliyoiweka yeye mwenyewe katika jina hilo.

Tabia zake nyingi zilikuwa za gerezani, ingawa gereza alilichukia. Blanketi lake alilikunja mara nne, kingo zikalingana. Alikula amesimama, mgongo ukutani, na sahani yake ikaisha kabla wengine hawajanawa. Mahali popote walipokaa watu zaidi ya watatu, midomo yake ilicheza kidogo: alikuwa anawahesabu. Lakini nyumba yake haikuwa na komeo wala kitasa. Mvua yetu mnaijua, au kama hamuijui niwaambieni kwamba hapa mtu huanika nguo asubuhi akiwa anaomba Mungu, na jioni huzianua zikiwa mbichi vilevile. Mvua hiyo iliingia kwake hadi katikati ya sebule. Alifagia maji, akafagia tena, mlango asiufunge.

"Baridi itakuua, tata," nilimwambia. Tata ni baba. Ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume huku.

"Balidi ni mgeni tu," akajibu. "Mlango uliofungwa ndio mwenye nyumba."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo. Alisema mfungwa wa kwanza ni askari, kwa sababu mfungwa hulala lakini askari halali. Alisema ukitaka kujua kama mtu amekuwa huru, mwulize anaogopa nini akisikia funguo.

Nisije nikamchora kama malaika. Mtu aliyekataa kutawaliwa na Mwingereza alitawala nyumba yake kwa mkono mzito. Binti yake wa pekee alipopata mchumba, fundi cherehani wa Ibighi, alimkataa yule fundi bila hata kumwona. "Katika nyumba hii," akanguruma, "selikali ni mimi!" Binti alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akasema, bila kunyanyua kichwa, "Basi na sisi tutafanya mkutano bila kibali." Siku ya tatu Mfungwa alivaa koti lake, akaenda Ibighi mwenyewe kumtazama fundi. Aliporudi akamwambia binti, "Umenipiga kwa lungu langu mwenyewe," na harusi ikafanyika.

Mkutano bila kibali ndio uliompeleka gerezani mara ya pili, na hadithi hiyo aliipenda kuliko zote. Wakati huo watu walikatazwa kukusanyika kuzungumza siasa. Lakini serikali gani ingewazuia Wanyakyusa kwenda msibani? Basi Mfungwa na wenzake wakazusha kwamba mjomba wa mmoja wao amefia mbali na maiti imeletwa. Wakang'oa mgomba na kisiki chake, wakauvika sanda, wakauweka katikati ya ua. Watu wakaja kutoka hadi Mpuguso. Wanawake wakalia kwelikweli, kwa sababu si wote walioambiwa. Wanaume wakakaa pembeni, wakapanga namna ya kugoma kulima barabara kwa lazima. Kisha wakamzika mgomba kwa heshima zote.

"Tungepona," alikuwa anasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Lakini mwezi wa pili malehemu akachipuka!"

Kichipukizi kiliota katikati ya kaburi. Tarishi wa chifu akakiona, akachimbua, na Mfungwa akajitokeza mwenyewe akasema yeye ndiye mwenye msiba. Mara ya tatu alifungwa kwa kosa hilohilo la kukusanya watu, ila safari hiyo hakujificha. Lakini kifungo kilichoamua maisha yake kilikuwa cha kwanza, na yeye mwenyewe hakujua kwa zaidi ya miaka ishirini.

Naomba mnivumilie hapa nieleze jambo moja la lugha. Ni jepesi, na bila hilo habari hii haieleweki. Kinyakyusa hakina sauti ya z. Mzee aliyekulia katika Kinyakyusa akisema Kiswahili, zawadi inakuwa sawadi, viazi vinakuwa fiasi, na mwizi anakuwa mwisi. Si ujinga. Ulimi haukuzoeshwa, basi. Anayeishi nasi husikia s na kuirekebisha kichwani mwake kuwa z, bila hata kujua anafanya hivyo. Shikeni hilo.

Nilianza kufundisha darasa la watu wazima pale Ikuti, chini ya paa la bati ambalo mvua ikinyesha hatukusikilizana. Mfungwa alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilipoingia alisimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama wafungwa bwana jela akipita. Nilimsihi akae. Akasema atakaa nikishakaa mimi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, naye alikuwa na umri wa baba yangu.

Aliupenda ubao. Herufi moja tu ilimtesa.

"Sema zaa," ningesema.

"Saa."

"Zzz. Kama nyuki, tata."

"Sss."

Darasa zima likacheka. Mwanamke mmoja akamtania, "Huyo si nyuki, Mfungwa, huyo ni nyoka!" Naye akacheka kuliko wote. "Nyuki wa kwetu ndivyo wanavyosema," akajibu. "Huyo wa mwalimu amesomea Dal es Salaam."

Nilimpa moyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Nilimwambia kusoma hakuhitaji ulimi, macho yanatosha. Maneno hayo niliyasema kwa nia njema, na nimeyajutia mara nyingi.

Lakini kabla ya kufika huko, kuna wageni wake. Mfungwa alitembelewa sana. Hata siku za kulima jirani walikuja, mmoja au wawili, wakabisha hodi penye mlango ulio wazi, wakasema, "Tumekuja kukusalimu tu." Aliwakaribisha kwa furaha. Binti alipika mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na mzee akawasimulia msiba wa mgomba. Wageni walikula, wakatikisa vichwa, wakaomba kwenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Wakarudi, wakaaga. "Ndaga fijo," asante sana, na kuondoka.

"Unaona?" aliniambia. "Vijana hawajasahau. Nikifa watakuja bila kuonyeshwa njia, maana wameshaisoea."

Nilikuwa na mwaka wa pili pale nilipomsimulia kwa sifa jirani yangu mmoja, mama mwenye shamba la chai, jinsi wana-Ikuti wanavyomtunza mzee wao. Akaacha kuchuma, akanitazama.

"Mwalimu, wewe unadhani wanakwenda kusalimu?"

"Wanakwenda kufanya nini?"

"Jana mkungu wa ndizi wa shemeji umekatwa. Leo wamekwenda kusalimu." Akapunguza sauti. "Yule alifungwa kwa wizi, mwanangu. Zamani barua kutoka gerezani ilisomwa barazani kwa chifu, watu wakasikia. Ni mtu mzuri. Lakini mkono ukizoea, umezoea."

Kwetu mtu hamshutumu mwenzake usoni. Unakwenda, unasalimu, unakula chakula chake, macho yako yanazunguka migombani. Usipokiona ulichokitafuta, unashukuru na kuondoka, na urafiki unabaki. Ni adabu nzuri, imezuia magomvi mengi. Ila kwa sababu ya adabu hiyo, hakuna hata mmoja aliyemwambia Mfungwa walichokuja kutafuta.

Na mimi sikumwambia. Nakiri zaidi: nilirudi nyumbani siku ile nikajiuliza kama ni kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba alipotoka kifungo cha kwanza, baba wa msichana aliyekuwa amemchumbia alirudisha ng'ombe wa mahari bila maelezo. "Aliogopa selikali," alisema, akitabasamu kwa huruma. "Sikumlaumu." Sasa nilielewa yule baba aliogopa nini, lakini sikujua nimwamini nani.

Mwaka alipofuzu kusoma, likaja tangazo kwamba wazee waliofungwa enzi za kupigania uhuru wapeleke majina yao, waandikwe katika orodha na kuitwa mbele siku ya sikukuu. Kilichotakiwa ni kuthibitisha kifungo katika rejista ya zamani. Mfungwa alinyoa ndevu, akavaa koti, akaniomba nimsindikize mjini Tukuyu. Nilijitahidi kutafuta udhuru. Nilisema rejista hizo hazisomeki. Akacheka.

"Mwalimu, si umenifundisha wewe?"

Karani wa ofisi ile alikuwa mpole. Alikileta kile kitabu kikubwa kimejaa ukungu, akakifungua, akapitisha kidole, akasimama. Aliinua macho akanitazama mimi. Kisha akataka kukifunga, akisema tuje siku nyingine. Mfungwa akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Acha. Nitasoma mwenyewe."

Akasoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, akifurahi. Akasoma jina la chifu wake. Kisha akafika kwenye safu ya kosa. "Wi," akasema. Akasogeza kidole. "Wi. Si." Akanigeukia. "Mwalimu, hii ni ile ya nyuki?"

"Ndiyo, tata."

Aliinama tena. Chini ya hapo, penye kifungo cha pili na cha tatu, hapakuwa na neno, palikuwa na alama mbili ndogo kama kucha za kifaranga. "Na hisi ni nini?"

Karani ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Hizo maana yake ni kama hapo juu, mzee."

Hakupiga kelele. Alihesabu watu waliokuwa mle ofisini, midomo ikicheza: mimi, karani, wanawake wawili waliosubiri hati. Wanne. Akavaa kofia.

Njiani, tukiwa tumejibanza barazani kwa duka kukwepa mvua, nikamwuliza nini kilitokea langoni mwa gereza siku ile ya kwanza, walipomwandikisha. Alinieleza taratibu. Alikuwa amewakataza watu wa kijiji chake kulima barabara kwa lazima, na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alipomhukumu alitoa neno ambalo mkalimani alilitafsiri hivi: "Huu ni uasi." Alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo. Akaulizia maana yake, alipoambiwa akalipenda. Alilibeba mdomoni njia nzima hadi gerezani, amefungwa kamba, mvua ikinyesha. Walipofika langoni, karatasi ya hukumu ilikuwa imelowa hadi wino umekwisha. Karani wa gereza, mtu wa pwani, akaitupa, akashika kalamu. "Kosa lako?"

"Nikasema: uasi!" Akanionyesha alivyosimama, kifua mbele. "Meno yanagongana kwa balidi, lakini nikasema kwa nguvu."

Alilirudia pale barazani, haraka, kwa ulimi wake, likatoka kama "wasi." Sasa mmeshaona. Yule karani alikuwa ameandikisha Wanyakyusa wengi, na mwizi baada ya mwizi alikuwa amesimama langoni akasema "wisi." Alikuwa amejifunza kusahihisha. Karani mzembe angeandika alichosikia. Yeye alikuwa mwangalifu, akamsahihishia.

Mfungwa aliitazama mvua mpaka ikapungua. Kisha akauliza jambo moja tu, wala halikuhusu kitabu.

"Wale wanaokuja kunisalimu?"

Niliinamisha uso, naye akanielewa.

Kuanzia hapo alikuwa na shauri moja tu: neno lile lifutwe kabla hajafa. Orodha na sikukuu havikumhusu tena. Tuliandika barua, yeye akisema, mimi nikiandika, halafu akaanza kuandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizolala upande. Wakuu wa ofisi walibadilika na majibu yakabaki yaleyale: rejista ya serikali haifutwi kwa maneno ya mfungwa, alete mtu aliyefungwa naye. Wenzake wa ule msiba walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Kila alipokwenda kuzika alirudi amepungukiwa shahidi.

Mlango wake uliendelea kuwa wazi, na wageni waliendelea kuja. Msiniulize kwa nini hakuwaambia, nilimwuliza mimi. "Nikimwambia mtu mimi si mwisi," alisema, "nimemwambia nini? Hata mwisi husema hifyo." Hadithi ya mgomba hakuisimulia tena. Aliwapa chakula, akatazama miguu yao.

Akabaki shahidi mmoja, mzee Mwislamu aliyekuwa na duka la vitenge mjini, ambaye ujanani alifungwa kwa kubeba kadi za chama. Alikuwa amelala mkeka mmoja na Mfungwa. Kwa muda mrefu aliishi Mbeya kwa wanawe. Aliporudi Tukuyu na kusikia habari hii alikasirika hadi kikohozi kikamshika.

"Mwizi? Huyu?" akaniambia. "Mwalimu, huyu tulimtuma akaibe chumvi jikoni kwa askari, akarudi mikono mitupu. Akatuambia dhamiri imemkatalia! Tulikula uji chapwa kifungo kizima kwa ajili ya dhamiri yake. Twende leo hii."

Tukaenda, wazee wawili wenye fimbo na mimi ambaye nami nilikuwa nimeanza kuota mvi. Kijana wa ofisini alitupokea vizuri mno, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Alitoka, akakaa huko kwa muda mrefu, akarudi anatabasamu.

"Wazee wangu, nina habari njema. Kile kitabu hakipo tena. Paa lilivuja, mchwa wakamalizia. Vilivyobaki vilichomwa." Akafungua mikono. "Kwa hiyo, babu, hakuna kosa. Kwetu hujawahi kufungwa."

Mwenye duka akasema alhamdulillahi. Nami nilikuwa karibu kufurahi. Mfungwa aliinuka polepole, akashika ukingo wa meza.

"Sijawahi kufungwa?"

"Hakuna kumbukumbu yoyote, babu."

"Mjukuu wangu," akasema, "kilichoandikwa kingefutwa. Sasa wewe utafuta nini? Utakwenda Ikuti ufute midomo?"

Yule kijana aliendelea kutabasamu, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake. Wiki chache baadaye mwenye duka alifariki. Mfungwa hakuenda mjini tena.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, masika. Binti yake, mjane sasa, alikuwa amerudi kumuuguza. Niliingia bila hodi, mlango ukiwa wazi kama zamani. Alikuwa kitandani, meno yamekwisha, blanketi la akiba miguuni limekunjwa mara nne. Nilimletea miwani yangu ya zamani ili asome. Akaishika, asiivae.

Tulikuwa hatujaongea sana alipoingia jirani mmoja na mkewe, watu wenye shamba la maparachichi juu ya bonde. Wakakaa ukingoni mwa benchi. "Tumekuja kukusalimu tu, tata," mume akasema. Macho ya mke yalikuwa yameshafika uvunguni mwa kitanda.

Mtu wa miaka tisini na zaidi, asiyeweza kufika chooni bila kushikwa. Nikafungua mdomo. Mfungwa akaniwekea mkono.

"Wape chakula," akamwambia binti. "Kisha wapeleke nyuma. Watembee. Wasichungulie pembeni, watasame kila mahali."

Mume akasema hapana, tata, sisi tulikuja tu... Lakini binti alikuwa ameshasimama, ameshika pazia la mlango wa nyuma, nao wakatoka wakiinamisha vichwa. Niliwaona kupitia dirishani. Kwa aibu walisimama kwanza. Kisha, kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakaanza kutazama.

Mfungwa alinivuta karibu.

"Mwalimu, una kalamu?"

"Ninayo."

"Niulise. Kama yule wa langoni."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na sikutaka. Alisubiri. Alijaribu hata kuinua kifua, akashindwa, akabaki ameegemea mto. Nikatoa daftari langu, nikakaa wima kama karani.

"Kosa lako?"

Alivuta pumzi. Akalisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, neno moja, kupitia ufizi mtupu. Nimeishi na wazee wa huku miaka hamsini. Nilimfundisha mimi mwenyewe kusoma, na neno alilotaka kusema nilikuwa nalijua kabla hajafungua mdomo. Na bado sikio langu lilisikia wizi.

Nikaandika: *uasi.*

"Umeandika?"

"Nimeandika, tata."

"Ulichosikia?"

"Nilichosikia."

Akachukua daftari, akavaa ile miwani, akalisogeza karibu na uso. Midomo yake ilicheza, herufi kwa herufi, bila sauti. Nje, mke wa jirani alikuwa ameinama anafunua majani makavu chini ya mgomba.